Kuitafuta loko ya zamani: kwa wapimaji wapya wa Moshi

Wadogo zangu, nianze na siku niliyochimba shamba la watu bure nikiitafuta loko, yaani karakana ya vichwa vya treni.

Nilikuwa nimetoa namba za mahali pake kwenye ramani ya zamani ya 1:50,000, nikaziingiza kwenye simu kama zilivyo. Simu ikatupandisha upande wa mlima hadi kwenye migomba ya mama mmoja, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kama tumetumwa na wanaotaka kiwanja chake. Tukamtuliza, tukachimba vishimo viwili. Udongo mwekundu mtupu.

Ramani hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo wa Arc 1960, na simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Usipobadilisha, huku kwetu unatupwa kama mita 300 kaskazini na kama 90 magharibi. Na kwenye ramani ya namna hiyo milimita moja ni mita 50, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kidogo umeshahama kiwanja.

Lakini hesabu tuiache. Macho tu yangetosha: pale palikuwa mteremko, na kichwa cha treni hakilazwi mteremkoni. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, ikaishia hapa mpaka ilipofika Arusha mwaka 1929. Mwisho wa reli lazima pawe na mahali pa kulaza kichwa, kukigeuza, kukinywesha maji na kukitoa majivu. Tafuteni tambarare kwanza, kisha mjiulize maji yalitoka wapi.

Wazee mtawahitaji, ila ukimuuliza mzee wa reli habari za "karakana ya vichwa vya treni" atakutazama tu. Sema loko. Na usianze na loko yenyewe, anza na kota. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na chai ya pili, alinicheka: "Madereva walikuwa wanaamshwa usiku wa manane, mjukuu wangu. Ungewaweka mbali, nani angewaendea?" Tukazitafuta kota kwanza, tukashuka nazo.

Vipande vya reli vilivyogeuzwa nguzo za geti visiwadanganye. Ubavuni vina mwaka, lakini ni mwaka wa kiwandani, na chuma cha reli kinahama kuliko watu.

Cha kuamini ni udongo. Safari ya pili jembe lilitoa kitu cheusi, kina chenga ngumu zinazong'aa kama kioo kilichoyeyuka; nilipoumwagia maji ukanuka mafuta mazito. Hatua chache mbele kulikuwa na ukingo wa matofali wa shimo refu jembamba lililojazwa takataka, lile ambalo fundi aliingia ili akague kichwa kwa chini. Nililipima mara tatu, sikuamini.

Treni za abiria zilirudi Moshi Desemba 2019, kwa hiyo ombeni ruhusa stesheni kabla ya kufungua futi.