Shilingi ya Mwisho Iende Wapi?

Katika kupanga matumizi ya nyumbani, watu wengi huanza kwa kupima mahitaji kwa uzito wake: chakula kwanza, kisha kodi ya nyumba, umeme, nauli, na mwisho bando la simu. Mpangilio huo ni mzuri, lakini kwa miaka yote niliyosimamia bajeti ya familia yangu hapa Dar es Salaam nimeona kwamba hausaidii sana pale penye uamuzi mgumu, yaani pale mahitaji ya lazima yakishapata fungu lake na mkononi zikabaki shilingi 10,000. Wakati huo hatuulizi tena kama chakula kina thamani kuliko umeme. Tunauliza kama kilo moja zaidi ya mchele, juu ya ile iliyokwisha kununuliwa, itatufaa kuliko kitu kingine ambacho fedha hiyohiyo ingenunua.

Faida ya kipimo kimoja kinachoongezwa ndiyo manufaa ya nyongeza, na kanuni yake ni kwamba mtu anapozidi kutumia kitu kilekile, kila kipimo kinachofuata humpa manufaa machache kuliko kilichotangulia. Mjerumani Hermann Heinrich Gossen aliieleza mwaka 1854 bila kusikilizwa. Mwaka 1871 wanauchumi William Stanley Jevons wa Uingereza na Carl Menger wa Vienna wakaifikia kila mmoja kwa njia yake, na Léon Walras akafuata mwaka 1874. Kwa kanuni hii linafumbuka lile fumbo aliloliandika Adam Smith mwaka 1776, la maji yenye manufaa makubwa na bei ndogo, na almasi yenye manufaa madogo na bei kubwa. Bei hufuata manufaa ya ndoo ya mwisho, wala si ya maji yote kwa jumla, na penye maji tele ndoo ya mwisho ni ya kupigia deki. Aliyewahi kuishi kwenye mtaa wa mgao wa maji anajua jinsi hesabu hiyo inavyogeuka mabomba yakikauka.

Kwa mpangaji wa bajeti, chenye msaada mkubwa zaidi ni hitimisho la Gossen: fedha imegawanywa vizuri pale shilingi ya mwisho inayoingia katika kila matumizi inapoleta manufaa sawa. Ikiwa shilingi 1,000 ya mwisho ya bando inakufaa kidogo kuliko ambavyo ingekufaa kwenye mboga, ihamishie huko, kisha endelea kuhamisha mpaka tofauti iishe.

Umeme unalionyesha jambo hili vizuri kuliko bidhaa nyingine yoyote ninayoijua. Katika bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mteja wa shirika la umeme TANESCO wa kundi la D1, yaani la wateja wa majumbani wanaotumia umeme kidogo, alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, bila kuhesabu kodi. Uniti za mwanzo huwasha taa, huchaji simu na kuendesha friji, mambo ambayo hakuna mtu nyumbani angekubali kuyakosa. Zinazovuka 75 mara nyingi huishia kwenye pasi inayowashwa kwa ajili ya shati moja na kwenye maji ya kuoga yanayochemshwa wakati wa joto. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme kwa saa nzima hula uniti moja. Kwa hiyo kwenye mpaka huo manufaa yanashuka huku bei ikipanda mara tatu na nusu. Ushauri wangu ni kuangalia mita katikati ya mwezi, kupiga pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, na kabla ya kununua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya ziada kujiuliza kila shilingi 350 ingefanya nini sokoni.

Sokoni nako kuna mtego wake. Nyanya za sado, yaani za kopo kubwa la kupimia, ni nafuu kuliko za fungu ukihesabu bei ya nyanya moja moja, na muuzaji atakuhimiza uchukue sado. Lakini kwa familia ndogo isiyo na friji, nyanya za chini zitaoza kabla hazijafika jikoni, na manufaa yake yatakuwa sifuri hata kama bei yake ilikuwa ndogo. Gawanya bei ya sado kwa nyanya mtakazokula kweli, ndipo uilinganishe na ya fungu.

Kanuni hii, hata hivyo, isipelekwe kwenye vitu visivyogawanyika. Chumba kinachohitaji mabati 20 hakiwezi kuhamiwa kikiwa na mabati 15. Bati la ishirini ndilo linalozuia mvua, na manufaa yake yanazidi ya yote yaliyotangulia. Anayepima bati moja moja dhidi ya matumizi ya kila siku atashindwa kila mwezi, kwa kuwa bati moja peke yake halimfai kitu. Hesabu paa zima kuwa kipimo kimoja, na fedha yake iwekwe kwenye upatu, ambako mtu hupokea kwa mkupuo kiasi kinachotosha kumaliza kazi.