Maswali ya Wasomaji Kuhusu SHA: Mbona Nimesajiliwa na Bado Ninalipishwa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ya Kenya ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya afya iliyokuwapo tangu mwaka 1966, wasomaji wetu wameuliza mengi kuhusu makato, usajili na yanayowakuta kwenye madirisha ya hospitali. Tumechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Nilijisajili kwa kubonyeza *147# nikapata ujumbe kwamba nimekubaliwa. Mwanangu alitibiwa malaria katika zahanati bila malipo, lakini mwezi uliofuata alipolazwa katika hospitali ya kaunti niliambiwa sina bima. Je, nilidanganywa? (Mwendesha bodaboda, Kakamega)

Hukudanganywa, ila hukuelezwa habari yote. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu, na kila moja ina masharti yake. Ya kwanza ni Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, ambayo hulipia matibabu ya mgonjwa asiyelazwa katika vituo vya kiwango cha pili na cha tatu, yaani zahanati na vituo vya afya. Fedha zake hutoka serikalini, na mwananchi anatakiwa kusajiliwa tu. Ya pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), inayolipia kulazwa, upasuaji na huduma nyingine za hospitali kubwa, nayo huendeshwa kwa michango ya wanachama, kwa hiyo asiyechanga hana chake humo hata kama jina lake limo kwenye kompyuta. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi, ambayo kwa magonjwa hayo huingia pale kiasi cha SHIF kinapokwisha.

Mwanao alipotibiwa katika zahanati, aliyelipa ni hazina ya kwanza. Alipolazwa, ilitakiwa ilipe ya pili, nawe hukuwa umeichangia. Kwa maoni yangu lawama hapa ni ya waliohimiza usajili kwa sauti kubwa na kuutaja mchango kwa sauti ya chini, hata watu wengi wakaamini kwamba ujumbe wa simu ndio bima yenyewe. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na shilingi 3,600 kwa mwaka, ilhali kiasi ambacho SHIF huilipa hospitali ya kiwango cha nne, yaani ngazi iliyo juu ya vituo vya afya, kwa mgonjwa aliyelazwa ni shilingi 3,360 kwa siku moja.

Ninauza mboga sokoni. Niliulizwa maswali kuhusu paa, choo na jiko la nyumbani kwangu, kisha nikaandikiwa kiasi ambacho sijui kilitoka wapi, nikaambiwa nilipe cha mwaka mzima kwa pamoja. Siku nyingine sipati hata faida ya shilingi mia mbili. Nifanye nini? (Mama mboga, Nakuru)

Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linagusa sehemu dhaifu zaidi ya mfumo huu. Mwenye mshahara ana hati inayoonyesha anapata kiasi gani. Wewe huna, na kwa hiyo serikali hukadiria mapato yako kwa kuangalia hali ya kaya: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mnapikia kuni au gesi, mko wangapi, mna mali gani. Majibu hayo huingizwa katika hesabu ya kompyuta, na kiasi kinachotoka ndicho kinachotozwa asilimia 2.75.

Tatizo ni kwamba nyumba haielezi kilichomo mfukoni mwa mtu leo. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe anaweza kuonekana tajiri kuliko kijana wa chumba cha kupanga mwenye biashara inayokwenda vizuri. Nyumba ikiwa na paa zuri lililojengwa kwa pesa za mtoto aliye mjini, mwenye kuishi chini yake atahesabiwa paa hilo kana kwamba ni mapato yake. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tathmini ifutwe kabisa, maana NHIF ilimtoza kila asiye na mwajiri shilingi 500 kwa mwezi, awe na duka la jumla au meza ya nyanya, na hiyo nayo haikuwa haki.

Kwanza, hakikisha majibu yaliyoandikwa kwa jina lako ni ya kweli, hasa kama uliandikishwa na mtu mwingine kwa simu yake, kwa kuwa jibu moja la haraka kuhusu umeme au idadi ya vyumba linaweza kupandisha kiasi chote. Kama si sahihi, nenda ofisi ya SHA ya kaunti yako na kitambulisho, ueleze hali ilivyo na uombe tathmini ipitiwe upya. Pili, kuhusu kulipa kwa mkupuo, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioanzishwa mwaka 2025, ambao humwezesha asiye na mshahara kulipa kidogo kidogo. Ufahamu kwamba huo ni mkopo: mchango wa mwaka hulipwa kwa niaba yako, nawe ukawa unarejesha. Kabla ya kukubali, uliza jumla utakayokuwa umelipa mwisho wa mwaka.

Mimi na mume wangu sote tumeajiriwa na sote tunakatwa asilimia 2.75. Kwa nini familia moja ilipe mara mbili, na je, anayekatwa zaidi anahudumiwa zaidi? (Mwalimu, Machakos)

Makato yanafuata mshahara wa kila mtu kabla ya makato mengine, kwa hiyo ndoa haiyapunguzi. Wala anayekatwa zaidi hapati kitanda bora. Mfumo umejengwa ili mwenye nacho amchangie asiye nacho, na ukilinganisha na NHIF utaona ni nani aliyepata nafuu. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750, sasa anakatwa 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa ni 825. Wa 100,000 alikatwa 1,700, sasa ni 2,750. Na wa 500,000, aliyekuwa akilipa 1,700 hiyo hiyo, sasa anakatwa 13,750 kwa kuwa kikomo kimeondolewa. Mwajiri haongezi chochote juu ya mchango huu, tofauti na makato ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Nafuu iliyopo ni kwamba tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huu huondolewa kwanza kabla ya kodi ya mapato kukokotolewa.

Wengine huuliza kama makato haya ni halali, kwa kuwa Mahakama Kuu ilitangaza Julai 2024 kwamba sheria zilizounda mfumo huu zilikiuka katiba, hasa kwa kutowashirikisha wananchi ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo Septemba mwaka huo huo, na ndiyo maana SHA ikaweza kuanza Oktoba.

Je, ninaweza kumwandikisha mama yangu mzazi kama mtegemezi wangu? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Wategemezi ni mwenzi wako wa ndoa na watoto. Mama ajisajili kama kaya yake, nawe unaweza kumlipia mchango wake.

Shangazi ana saratani. Je, bima italipia hadi apone? (Msomaji, Meru)

Kuna kikomo. Katika viwango vya mwaka 2025, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka SHIF, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya tatu baada ya hizo kwisha. Kiasi hicho ni cha kaya nzima. Mwulizeni mhudumu wa bima hospitalini, kila mwanzo wa awamu ya matibabu, kimebaki kiasi gani, ili msije mkaambiwa kimekwisha siku ya dawa.

Kliniki moja jirani ilinipigia simu ikiomba nisome nambari iliyoingia kwenye simu yangu, ingawa sikuwa mgonjwa. Je, nifanye nini? (Msomaji, Thika)

Usiisome. Nambari ya namna hiyo imetumika kuthibitisha kwamba mwanachama yupo hospitalini na anahudumiwa, na anayeipata anaweza kudai malipo kwa huduma ambayo hukupewa. Madai hewa ya aina hii ndiyo yaliyochangia serikali kusukuma utambuzi wa alama za vidole. Piga ripoti kwa SHA ukitaja siku na saa ya simu hiyo, na usiufute ujumbe huo.