Maswali na Majibu: Bonde la Msimbazi, Fidia na Haki ya Kukaa Mjini

Watu wa bondeni wanajua maji huja kila masika. Kwa nini walipwe fidia wakihamishwa, wakati walijenga mtoni wenyewe? (Msomaji, Tabata)

Swali hili linarudi kila mvua, na kila mara mwulizaji anauangalia mto mwishoni tu. Msimbazi, mto unaopita Dar es Salaam, hauanzii Jangwani, karibu na katikati ya mji. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, ukizoa udongo wa mashamba yaliyogeuzwa viwanja, wa barabara zisizo na mitaro na wa machimbo ya mchanga. Mchanga huo umejenga nyumba za wengine. Tope limejaa kule chini hadi maji yakakosa njia. Aliyefaidika siye aliyefurikiwa.

Bonde ni la maji, sitaki mtoto yeyote alale pale. Lakini mpangaji wa Kigogo alichagua chumba anachokimudu, karibu na Kariakoo anakopata kibarua. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, familia zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa mji. Viwanja walipata, kazi zikabaki mjini, nauli ikala kipato. Anayepima kina cha maji bila kupima nauli anawarudisha watu mtoni.

Sheria si inasema tusijenge ndani ya mita 60 kutoka mtoni?

Inasema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Kinataja pia ufukwe wa bahari. Nataka kitumike kwenye majumba ya ufukweni kwa ukali ule ule uliotumika kubomoa nyumba bondeni mwishoni mwa 2015 na Januari 2016.

Nyumba yangu imepigwa X ya kubomolewa. Nifanyeje?

Nimeshajibu hili mara nyingi, tafadhalini someni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya mapema. Ndani yake mna posho ya usumbufu, usafiri na makazi, pamoja na faida inayopotea kama una biashara. Usisaini fomu ya uthamini usiyoielewa. Baki na nakala. Na anayekuomba pesa ili "akuingize kwenye orodha" ni mwizi, hata akija na mjumbe.

Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zake, haujaufanya mji wetu kuwa rafiki wa mazingira?

Umesaidia. Ila karakana yake ilijengwa Jangwani, bondeni kabisa, na imefurika mara kadhaa. Basi lawama ya kujenga mtoni isiishie kwa maskini.

Tukipanda miti barabarani haitoshi?

Pandeni, mkianzia Manzese kwenye msongamano, siyo Masaki kwa matajiri.

Kuna mji wa jirani uliofanya vizuri zaidi? (Msomaji, Ukonga)

Angalia Mukuru, Nairobi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mitaa ile kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya zaidi ya laki moja. Wakazi, wakiwemo wapangaji, walikaa na wataalamu wa maji, afya na barabara kuandaa mpango wenyewe, na lengo likawa kuboresha watu walipo, kuhamisha kuwe pale tu inapolazimu. Utekelezaji umekuwa na mapengo, lakini mwanzo ulikuwa sahihi.

Kwetu, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa Bonde la Msimbazi, na mpango una bustani kubwa ya mji. Bustani ni njema, lakini hupandisha bei ya ardhi inayoizunguka. Wapangaji wa Magomeni na Ilala waulizeni madiwani wenu sasa: kodi ikipanda, sisi tutakaa wapi?