Kupanga vitu ndani ya jedwali kwa CSS: pale vivinjari vinapokosa kukubaliana

Chukua ukurasa wa matokeo ya mtihani: majina ya wanafunzi 60 kushoto, masomo 9 juu, na kwenye baadhi ya seli alama nyekundu imewekwa konani. Kwenye kompyuta yako umekaa vizuri. Ukifunguliwa kwa simu ya zamani, alama zote zimerundikana juu kabisa ya ukurasa.

Katika CSS, lugha inayoamua mwonekano wa ukurasa wa wavuti, kitu chenye position: absolute hupimwa kutoka kwa babu yake wa karibu (kitu kinachokizunguka) ambaye position yake si static, yaani ile ya kawaida. Asipopatikana, hupimwa kutoka ukurasa wenyewe. Ndani ya jedwali, ugomvi ni nani anaruhusiwa kuwa huyo babu. CSS 2.1 ilitamka kwamba athari ya position: relative kwenye seli, mstari au kundi la mistari haijafafanuliwa, kwa hiyo kila kivinjari kikafuata njia yake. Firefox haikuitambua kwenye seli hadi toleo la 30, mwaka 2014. Chrome iliipuuza kwenye tr (mstari) na thead (kundi la mistari ya kichwa) hadi toleo la 91, mwaka 2021, sehemu yake ya kuchora majedwali ilipoandikwa upya.

Kwa kazi ya leo, weka relative kwenye td (seli ya kawaida) au th (seli ya kichwa) bila wasiwasi, lakini usiiegemee iliyo kwenye tr. Mtego unaowanasa wengi ni wa kufanya mstari mzima ubonyezeke: kiungo kinapewa ::after (kipande cha ziada kinachoongezwa na CSS) yenye absolute na pande zote nne sifuri, kisha tr inapewa relative. Kivinjari kisichoitambua tr hutandaza kila kiungo juu ya jedwali lote au ukurasa wote, na cha mwisho ndicho hukaa juu ya vingine. Ukibonyeza jina lolote, anafunguka mwanafunzi wa 60. Weka kiungo ndani ya kila seli. Ni msimbo mrefu zaidi, lakini hauna ubishi.

Ushauri wa zamani wa kuweka div (kisanduku cha kufungia vitu) yenye relative ndani ya seli bado unafanya kazi, ila div hiyo hurefuka kwa kadiri ya maandishi yake tu, si ya seli. Alama ya kona ya chini itaelea katikati pale seli ya jirani inapokuwa ndefu. Kuipa height: 100% si dawa ya kutegemea, kwa sababu vivinjari vimekuwa vikihesabu asilimia ndani ya seli kwa namna tofauti.

Wala usiipe td yenyewe absolute. Ukifanya hivyo display yake hugeuka kutoka table-cell kuwa block, inatoka kwenye mstari, na seli zinazoifuata zinasogea safu moja kushoto. Ndiyo maana kichwa cha jedwali kilichopewa fixed hupoteza upana wa safu zake.

Kwa kichwa kinachobaki juu ukurasa unaposkroliwa, tumia position: sticky, na uiweke kwenye th badala ya thead: Chrome iliikubali kwenye th tangu toleo la 56, lakini thead ilisubiri hadi 91. Kama kichwa kina mistari miwili, mstari wa kwanza ukiwa na urefu wa 40px, th za mstari wa pili zinahitaji top: 40px. Ukiona ufa mwembamba kati yao ukurasa unapokuzwa, shusha hadi 39px.

Kosa linalokula muda kuliko yote liko nje ya jedwali. Ili jedwali pana liskroliwe kwa upande kwenye simu, watu hulizungushia div yenye overflow-x: auto. Hapo overflow-y nayo hugeuka auto, hata kama hukuiandika, na sticky inaanza kuitazama div hiyo badala ya ukurasa. Kwa kuwa div haiskroli kwenda chini, kichwa hakinati. Ipe div max-height: 70vh (asilimia 70 ya urefu wa dirisha) ili iskroli yenyewe pande zote mbili. Ukiwa unatafuta chanzo, panda kutoka th hadi body ukikagua overflow ya kila mzazi. overflow: hidden iliyosahaulika mahali fulani huleta ugonjwa uleule.

Mistari ya mipaka nayo ina kituko chake. Ukiwa na border-collapse: collapse, mipaka huhesabiwa kuwa ya jedwali, hivyo kichwa kinanata huku mstari wake wa chini ukiondoka na data. Andika border-collapse: separate na border-spacing: 0, kisha kila seli ipe mpaka wa chini na wa kulia peke yake. Th ipewe rangi ya nyuma isiyopenyeza, la sivyo alama za wanafunzi zitasomeka kupitia majina ya masomo. Safu ya majina ikinata kwa left: 0, ipe z-index (namba inayoamua kipi kikae juu ya kingine) 1, kichwa 2, na seli ya kona 3.

Jaribu kwenye Firefox, Chrome na Safari, na simu moja ya Android ambayo haijasasishwa. Usihesabu Chrome ya iPhone kuwa jaribio la pili, kwani kwa kawaida inaendeshwa na injini ileile ya Safari, WebKit. Data za majaribio ziwe na jina moja refu la maneno manne na seli moja tupu.