Ruwaza na maumbo katika sanaa ya kisasa: majibu kwa wazazi na walimu

Maswali ya mara hii yametoka kwa wazazi na walimu wanaotaka watoto waitazame sanaa ya kisasa na kuona kilichomo. Tunaposema ruwaza tunamaanisha mpangilio unaofuata kanuni, kiasi kwamba ukiijua kanuni unaweza kutabiri kinachofuata. Mtoto akiweza kutabiri, ameiona.

Mwanangu ana miaka 4. Nianze na picha gani, na nimuulize nini?

Anza na "Konokono" ya Henri Matisse, Mfaransa, ya mwaka 1953. Ni vipande vya karatasi iliyopakwa rangi, vikakatwa kwa mkasi na kubandikwa. Picha yenyewe ina karibu mita 2.87 kila upande, kwa hiyo mwambie mtoto kwamba ni ndefu kuliko mlango wenu. Akiiona kwenye simu atadhani ni kadi.

Jina la picha usilitaje kwanza. Muulize kuna rangi gani, kisha kipande kipi kinagusa kipi. Mwambie apitishe kidole kutoka kipande hadi kipande. Watoto wengi huanza kuzungusha kidole wenyewe, maana vipande vimepangwa kwa kuzunguka kama gamba. Hapo ndipo useme jina. Halafu mtafute pamoja konokono mdogo: ukingo wa kipande cha zambarau hafifu, juu upande wa kushoto, umekatwa kwa umbo lake.

Baadaye mpe karatasi za rangi azichane kwa mikono, vipande 8 hadi 10, avipange bila gundi. Acha avihamishe mara nyingi anavyotaka kabla ya kubandika. Kwa umri huu tunapendelea vipande kuliko rangi ya maji kwa sababu hiyo: kipande kikikaa vibaya huinuliwa, rangi ikikaa vibaya imeshakaa.

Gundi inaisha haraka. Kuna mbadala?

Uji wa ngano. Vijiko vikubwa 3 vya unga kwa kikombe 1 cha maji. Koroga unga kwanza kwa maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, ongeza maji yaliyobaki, pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi uwe mzito. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto, mabonge hayatoki tena. Pika wa siku moja tu, kwani huchacha. Paka kidogo, karatasi ikilowa sana hujikunja inapokauka.

Mimi ni mwalimu, darasa la tatu, wanafunzi 60. Sina projekta wala rangi za kutosha.

Mwalimu, Piet Mondrian anakufaa. Huyu Mholanzi, hasa katika picha zake za miaka ya 1920 na 1930, alitumia mistari myeusi ya wima na ya mlalo, nyekundu, buluu, njano na nafasi nyingi nyeupe. Picha moja iliyochapishwa, au uliyoinakili ubaoni kwa chaki, inatosha kuanzia.

Gawa makundi 10 ya wanafunzi 6. Kila kundi lipate nusu ya karatasi ya manila (manila 5 kwa darasa zima), rula, penseli, maka peni nyeusi moja na kalamu za rangi tatu. Wachore kwa penseli mistari 3 ya wima na 3 ya mlalo, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa umbali usiolingana. Kabla hawajahesabu, waulize: tutapata vyumba vingapi? Jibu ni 16, na wengi watasema 9, kwa sababu wanazidisha mistari badala ya nafasi ambazo mistari hiyo inazigawa, 4 kwa 4. Wape muda wa kuligundua kosa hilo wenyewe. Ni hisabati safi kabisa, na haihitaji maelezo yako.

Kisha wafute vipande viwili vya mstari ili baadhi ya vyumba viungane, wapitishe maka peni, mistari mingine minene na mingine myembamba. Wapake rangi vyumba 4 tu.

Matatizo mawili hujitokeza karibu kila mara. La kwanza, mistari inapangwa kwa nafasi sawa na picha inakuwa ubao wa drafti. Wakataze kupima umbali kwa rula. Rula ni ya kunyoosha tu. La pili, wanajaza rangi kila chumba. Waonyeshe kwamba weupe nao ni umbo: wahesabu vyumba vyeupe kwenye picha ya Mondrian na wavitaje, mraba au mstatili.

Nilimwonyesha binti yangu picha ya Tingatinga. Anasema hakuna maumbo, kuna chui tu.

Amejibu kweli, chui ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, mara nyingi mnyama mmoja mbele ya rangi tupu.

Kata dirisha la sentimita 3 kwa 3 katikati ya kadi, uliweke juu ya mwili wa chui. Sasa chui hayupo, yamebaki madoa. Yamepangwa kwa safu? Yana ukubwa mmoja? Sogeza dirisha hadi mguuni, kisha mkiani, aone kinachobadilika. Dirisha hilo ndilo kifaa chenye faida kuliko vyote katika majibu haya, na linafanya kazi hata kwenye kanga: liweke kwenye pindo, mwambie atabiri kitakachotokea ukilisogeza, kisha ulisogeze.

Akitaka kuchora mwenyewe, tumia rangi ya maji, si ya mafuta. Harufu ya thina haifai kwa mtoto chumbani. Apake rangi moja karatasi nzima na aiache ikauke kabisa, vinginevyo madoa yatatawanyika. Madoa apige kwa kitako cha penseli kilichochovywa kwenye rangi nzito kama uji wa mtoto. Baada ya madoa matatu au manne rangi hupungua na doa hufifia. Usimkimbilize kuchovya tena. Doa zito, la kati, hafifu, kisha zito tena: ameshapata ruwaza.

Kijana wangu wa miaka 11 anaona haya yote ni ya watoto wadogo.

Mpe "Movement in Squares" ya Bridget Riley wa Uingereza, 1961. Ni miraba myeusi na myeupe kwa zamu. Kimo hakibadiliki, ila upana unapungua hadi kuwa uzi, kisha unarudi kupanuka, na jicho linaona karatasi imekunjwa.

Kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, achore mstatili wa sentimita 24 kwa 16. Safu za mlalo ziwe 4, kila moja sentimita 4. Upana wa nguzo, yaani safu za wima, kutoka kushoto uwe sentimita 4, 3, 2, 1.5, 1, 0.5, halafu 0.5, 1, 1.5, 2, 3, 4. Vyumba ni 48, nusu vinapakwa nyeusi. Aweke alama ya X kwa penseli kwenye vyumba vyote 24 kabla ya kugusa maka peni, kwa sababu kosa moja la zamu katika nguzo nyembamba huharibu mfuatano wote unaofuata, na maka peni haifutiki.

Akimaliza, mwonyeshe kwamba katika kazi ya Riley bonde hilo la nguzo nyembamba halipo katikati, limesogea kulia. Mwambie apange vipimo vipya vinavyolisogeza, jumla ibaki 24.

Mtoto akisema "hata mimi naweza kuchora hivi", nimjibu nini?

Mpe karatasi na penseli, na picha iwe mbele yake. Akifika kwenye mstari wa tatu ataanza kuuliza kwa nini huu umesimama hapa na si pale, nanyi mtakuwa na cha kuzungumza.