Tahadhari za satelaiti kwa msitu wa kijiji: anzeni na mpaka

Kijiji chenye msitu wa hifadhi, tuseme miombo ya Kilwa au Liwale, kinaweza kupata tahadhari za satelaiti kuhusu miti iliyofyekwa bure kwa simu janja ya kawaida. Programu ya Forest Watcher inatosha. Kuipakua si kazi. Kazi ni mpaka.

Ramani nyingi za upimaji nchini zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa namba za mahali, ilhali simu hutumia mfumo mwingine, WGS84. Mkiingiza namba za mpaka bila kuzigeuza, msitu mzima unahama takriban mita 300, na shamba halali la mtu linaonekana limo hifadhini. Ugomvi wake hauishi leo. Mpima wa halmashauri awageuzie, kisha mhakiki wenyewe: simameni kwenye bikoni, subirini GPS itulie dakika 2 hivi, mlinganishe. Tofauti ya mita 10 ni kawaida ya simu. Ikizidi mia, rudini kwa mpima.

Kabla ya doria, mkiwa bado na mtandao, pakueni ramani ya eneo pamoja na tahadhari mpya. GPS haili bando, lakini ramani isiyopakuliwa haifunguki porini. Pawabenki iwepo.

Kila nukta ya GLAD, yaani tahadhari ya miti kutoweka inayotokana na picha za satelaiti za Landsat, ni mraba wa mita 30 kwa 30, pungufu kidogo ya robo ekari. Nukta moja iliyojitenga msiikimbilie. Miombo hupukutisha majani kiangazi, na moto wa nyasi nao hudanganya. Nukta kumi zilizoshikana, kingo zimenyooka, tena kuelekea mvua za kwanza? Hilo huenda ni shamba jipya la ufuta. Nendeni.

Kwa moto, jiandikisheni FIRMS, huduma ya NASA ya tahadhari za moto, inayotuma barua pepe. Nukta ya VIIRS, kifaa cha satelaiti kinachoona joto la moto, ni katikati ya mraba wa mita 375, kwa hiyo moto wenyewe unaweza kuwa karibu mita 200 pembeni. Kamati ikichoma mapema, Mei au Juni, iandike tarehe na kitalu, isije ikakimbilia moto wake yenyewe.

Mninga mmoja ukikatwa katikati ya miti mingine, satelaiti haioni. Wakati wa mvua mawingu huziba kila kitu. Doria za njia za malori na pikipiki za mkaa zibaki palepale, hata ramani ikiwa safi.

Mkikuta kisiki, pigeni picha ya karibu kikiwa na futi ya kupimia, nyingine ya eneo lote, na ya tatu ya mahali ambapo alama ya nyundo, inayogongwa kwenye mti uliovunwa kihalali, ingekaa. Namba za GPS ziandikwe pia kwenye daftari, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali ilipopigwa. Itumeni kama faili, na ya awali msiifute kwenye simu hadi shauri liishe.