Swali la lugha: Descartes alikuwa na ubinafsi?

Msomaji wetu anasoma chuo huku Iringa, anauliza: "Kwenye asaimenti niliandika Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa, anatetea ubinafsi na Mbiti anatetea jamii, mwalimu kazungushia ubinafsi kwa peni nyekundu. Kosa liko wapi wakati nafsi na ubinafsi ni kitu kimoja? Halafu 'uzoefu wa pamoja' nayo kaiwekea alama ya kuuliza."

Mdogo wangu, mwalimu yuko sahihi. Asili ni moja kweli, nafsi tumeitoa kwenye Kiarabu, ila neno likishakaa mtaani linaota tabia zake. Gari binafsi, shule binafsi, mimi binafsi, hapo hakuna lawama. Sasa bandika u- mbele uone: mtu kaletewa ulanzi, ile pombe ya mianzi, toka kijijini, kaufungia chumbani anywe peke yake, huyo ndo ana ubinafsi. Descartes 1637 hakumnyima mtu kitu, alikuwa anatafuta jambo moja tu ambalo hawezi kulitilia shaka, akaona ni kwamba anafikiri kwa hiyo yupo, basi. Hiyo ni nafsi, andika nafsi. Kuna wanaoandika umimi, mi silipendi, nalo linanuka majivuno.

Mbiti sasa, yule mwanafalsafa Mkenya, 1969 aliandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwetu yanakuja hivi: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Ona yalivyokaa, unageuza ni- iwe tu- kazi imeisha. Na wala si ya vitabuni, juzi stendi ya Mafinga nimekutana na jamaa hatujaonana siku nyingi, namwambia "upo?" ananijibu "tupo bwana", na anaishi peke yake chumba kimoja! Hiyo tu- ni ya nani? Ila usikimbilie kuiita falsafa, mara nyingi ni adabu tu, mtu hataki kujitanguliza. Na usiandike kwamba Waafrika wote wako na Mbiti, Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alibisha, kwake jamii haimmezi mtu, mtu ana akili yake na haki zake hata akiwa ndani ya ukoo.

Na ile 'uzoefu wa pamoja' sasa: uzoefu ni wa fundi cherehani, miaka 10 kazini. Msiba mliolia pamoja huwezi kuuita uzoefu, sema tuliyoyapitia pamoja, au tajriba kama mwalimu anataka la kitabuni.